Kutoka unga wa rutheni hadi IC50: mwongozo kamili wa kutengeneza na kupima changamano la metali dhidi ya seli za saratani

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa uzamili au uzamivu aliyezoea flaski na kondensa na sasa anataka kuvuka kwenda kwenye seli, au yule wa baiolojia anayeletewa vichupa na wanakemia bila kujua vizuri kilichomo. Tutafuata dutu moja tu, tangu unga mweusi wa kloridi ya rutheni hadi namba ya mwisho, IC50 (dozi inayoshusha uhai wa seli hadi nusu), kwenye pleti ya visima 96. Dutu hiyo ni RAPTA-C, changamano la rutheni (metali iliyoshikwa na molekuli nyingine), iliyotangazwa mwaka 2001 na kundi la Paul Dyson, ambaye leo yuko EPFL mjini Lausanne, Uswisi.

Nimeichagua kwa makusudi. Inatengenezwa kwa hatua mbili, haiharibiki hewani, ina fosforasi inayoonekana wazi kwenye NMR (kipimo cha sumaku kinachoonyesha atomi zimekaaje kwenye molekuli), na tabia yake ndani ya seli inajulikana. Maabara inayoanza ijifunzie kwenye kitu ambacho jibu lake liko wazi. Ukianza na changamano jipya ulilolibuni mwenyewe, namba ikitoka ya ajabu hutajua kama umegundua kitu au umekosea kupima.

Kuna swali moja nitakalolirudia kila hatua: ndani ya kisima hiki, pamoja na seli hizi, kuna nini hasa? Jina lililoandikwa kwenye kichupa halitoshi kulijibu. Fani yenyewe ilizaliwa na swali hilo. Mwaka 1965 Barnett Rosenberg na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, walikuwa wakipitisha umeme kwenye bakteria aina ya E. koli. Bakteria waliacha kugawanyika wakawa wanarefuka kama nyuzi. Umeme haukuwa na kosa. Elektrodi za platini zilikuwa zikimomonyoka taratibu na kuungana na kloridi na amonia zilizokuwa kwenye midia (kimiminika cha kuoteshea), na hayo machangamano ndiyo yaliyozuia bakteria kugawanyika. Mojawapo ya dutu za aina hiyo, sisplatini, ilikuwa imeshatengenezwa na Michele Peyrone tangu miaka ya 1840, lakini hakuna aliyejua kazi yake. Mwaka 1978 Marekani iliidhinisha itumike kama dawa.

Leo sisplatini iko kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu. Tanzania, ambako saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayowapata wanawake wengi kuliko saratani nyingine, mgonjwa anayepata mionzi mara nyingi huongezewa sisplatini mara moja kwa wiki. Yeyote aliyemuuguza mtu wa namna hiyo anajua bei yake: kutapika, masikio kuvuma, na figo zinazolindwa kwa chupa baada ya chupa ya maji ya mshipani. Halafu kuna uvimbe unaoizoea dawa ukaacha kuitikia. Hiyo ndiyo sababu ya kutafuta metali nyingine, na ndiyo sababu ya kuifanya kazi hii kwa uangalifu.

Kanuni moja ya kemia inayobeba kazi yote

Kwenye damu kuna kloridi nyingi, takriban milimoli 100 kwa lita, yaani milimola 100. Ndani ya seli ni chache sana, kati ya milimola 4 na 20 hivi. Sisplatini ikiwa kwenye damu hubaki na kloridi zake mbili. Ikishaingia ndani ya seli, kloridi huachia na maji hushika nafasi zao. Platini iliyoshika maji ndiyo kali: hujifunga kwenye nitrojeni namba 7 ya guanini, huipinda DNA, na seli hufa. RAPTA-C nayo ina kloridi mbili na huziachia kwa mtindo huohuo, ingawa inakoelekea ni tofauti. Imeonekana ikijishikiza zaidi kwenye protini za histoni, zile ambazo DNA huzizungukia, kuliko kwenye DNA tupu.

Kwa hiyo kiyeyushi unachochagua, chumvi uliyotia na saa ulizoacha myeyusho mezani vinabadilisha dutu yenyewe. Shika hilo, kwa kuwa hatua ya nne nzima imejengwa juu yake.

Kabla ya kuwasha hita

Sisplatini ni sumu kwa anayeishika pia, na inahesabiwa miongoni mwa vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Yachukulie machangamano yako yote hivyo hivyo mpaka yathibitike vinginevyo: glavu za nitraili, miwani, koti, na unga upimwe ndani ya kabati la kufyonza mvuke. Etha iliyokaa muda mrefu kwenye chupa iliyofunguliwa hujenga peroksidi zinazolipuka. Ipime kwa karatasi za peroksidi kabla ya kuitumia. Mabaki ya rutheni na platini yawekwe kwenye chupa yake yenye lebo, yasimwagwe kwenye sinki.

Tafuta vibali mapema. Kenya mtafiti anahitaji leseni ya NACOSTI, Tanzania kibali cha COSTECH, na kazi yoyote inayogusa wanyama au sampuli za wagonjwa inapita kwanza kwenye kamati ya maadili. Barua hizo huchukua muda, kwa hiyo ziandike wakati kemikali bado ziko njiani.

Jambo jingine nalisema kwa uzito wote: hakuna kinachotoka kwenye mwongozo huu kinachofaa kumezwa au kuchomwa kwa mtu yeyote, hata kama mgonjwa ni wa nyumbani kwako na amekata tamaa.

Hatua ya kwanza: daima (dimer, molekuli ya nusu mbili) ya rutheni

Unaanza na kloridi ya rutheni(III) yenye maji. Lebo itaandika RuCl₃·xH₂O, na hiyo x ni mtego. Kiasi cha maji hubadilika, hivyo soma cheti cha shehena yako uone asilimia ya rutheni. Mara nyingi huwa karibu na 40. Unga huu hunyonya unyevu upesi. Dar es Salaam au Mombasa, ukiuacha wazi kwenye mizani huku unajaza daftari, utaona namba inapanda mbele ya macho yako. Pima haraka, funga, uhifadhi ndani ya desiketa.

Kwa gramu 1.0 yenye rutheni 40%, una gramu 0.400, yaani milimoli 3.96 za rutheni. Zote zikigeuka utapata milimoli 1.98 za daima, sawa na gramu 1.21. Andika namba hiyo kabla ya kuanza, ili mwishoni ujue umevuna asilimia ngapi.

1. Yeyusha gramu 1.0 ya kloridi ya rutheni kwenye mililita 50 za ethanoli, ndani ya flaski ya duara ya mililita 100. Rangi itakuwa nyeusi ya hudhurungi.
2. Ongeza mililita 5 za alfa-felandreni. Ni nyingi kupita mahitaji, na ndivyo inavyotakiwa. Felandreni inafanya kazi mbili: inaishusha rutheni kutoka hali ya tatu hadi ya pili, na yenyewe inageuka kuwa simini, ile pete ya benzini itakayoikalia metali kama kofia.
3. Funga kondensa, pitisha nitrojeni taratibu, kisha chemsha huku mvuke ukirudi, kwa saa 4.
4. Acha ipoe hadi joto la chumba, halafu iweke kwenye friji usiku kucha.
5. Chuja kwa faneli ya Buchner, osha kwa methanoli baridi kidogo tu, kisha kwa etha, na ukaushe kwenye utupu.

Utapata chembechembe nyekundu za rangi ya tofali. Mavuno ya asilimia 65 hadi 90 ni ya kawaida.

Kwa walio Nairobi: mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo ethanoli huchemka kwenye nyuzi 73 hivi badala ya 78, na methanoli kwenye 60 badala ya 65. Maelekezo mengi yaliyochapishwa yaliandikwa na watu walio karibu na usawa wa bahari. Ongeza saa moja au mbili, na uangalie mmenyuko wenyewe badala ya saa ya ukutani.

Hakikisha kwa NMR ya protoni kwenye kloroformu yenye dutiriamu. Tafuta jozi ya mistari miwili-miwili kwenye 5.48 na 5.34, septeti karibu na 2.92, mstari mmoja wa methili kwenye 2.16, na mstari wa mara mbili wa isopropili kwenye 1.28. Ukiona vilima vinavyozidi hapo, hasa vya felandreni au simini huru, osha tena kwa etha. Usisonge mbele na daima chafu ukitumaini kwamba hatua inayofuata itaisafisha.

Hatua ya pili: RAPTA-C yenyewe

Ligandi, yaani molekuli inayojishika kwenye metali, inaitwa PTA, fosfini ndogo yenye nitrojeni tatu na umbo la kizimba. Inanunuliwa tayari na haina harufu mbaya kama fosfini nyingine. Hesabu hapa ni tamu: gramu 0.306 za daima ni milimoli 0.50, na gramu 0.157 za PTA ni milimoli 1.00. Daima moja inagawanyika mara mbili, kila nusu inachukua PTA moja. Zao kamili ni gramu 0.463.

Weka vyote viwili kwenye mililita 40 za methanoli, chini ya nitrojeni, uchemshe mvuke ukirudi kwa saa 24. Punguza methanoli kwa kivukizi cha kuzunguka hadi zibaki kama mililita 5, kisha dondosha etha polepole huku unakoroga. Zao litashuka likiwa la rangi ya chungwa. Chuja, osha kwa etha, kausha kwenye utupu kwa siku nzima. Ukaushaji usiuharakishe: methanoli iliyonasa ndani ya fuwele inaongeza uzito, na uzito huo utaubeba hadi kwenye dozi.

PTA isizidi. Kuna watu huongeza ligandi kidogo "kwa usalama". Ziada hiyo itabaki na zao, na fosfini huru ni wakala wa kupunguza oksidi. Utaona baadaye jinsi inavyoweza kuudanganya mtihani wa MTT, ule wa rangi unaopima uhai wa seli.

Hatua ya tatu: thibitisha kabla ya kugusa seli

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kwa sababu mtu ana hamu ya kufika kwenye seli.

Anza na NMR ya fosforasi kwenye kloroformu. Unataka mstari mmoja tu, karibu na −36. PTA huru huonekana mbali upande wa hasi, karibu na −100, na PTA iliyooksidika huonekana karibu na sifuri. Kipimo kimoja cha dakika chache kinakuambia mambo matatu: ligandi imeshika, haikubaki huru, na haikuungua. Ndiyo maana naipendekeza dutu hii kwa wanaoanza.

NMR ya protoni itaonyesha haidrojeni 12 za PTA kati ya 4.2 na 4.6, pamoja na simini. Linganisha maeneo: haidrojeni 4 za pete dhidi ya 12 za PTA. Uwiano ukikataa, kuna kitu.

Spektrometa ya masi itakupa ioni iliyopoteza kloridi moja, kwenye 428. Usiridhike na namba hiyo peke yake, tazama umbo. Rutheni ina isotopu saba za asili, kuanzia 96 hadi 104, na iliyo nyingi zaidi ni 102. Badala ya mstari mmoja utaona kundi la mistari lenye mgongo wa kupanda taratibu na mkia mfupi. Likichorwa juu ya lile lililokokotolewa na programu, yafunikane. Kilima cha 428 kisicho na umbo hilo si cha rutheni.

Mwisho ni uchambuzi wa elementi: kaboni 41.48, haidrojeni 5.66, nitrojeni 9.07, na tofauti isizidi 0.4. Kama chuo chako hakina mashine hizi, tuma miligramu chache kwenye maabara inayozo na usubiri majibu. Kusubiri ni nafuu kuliko kurudia miezi ya kazi ya seli.

Hatua ya nne: kiyeyushi, na DMSO

Karibu kila mwongozo wa baiolojia utakwambia uyeyushe dawa kwenye DMSO, kiyeyushi chenye salfa. Kwa machangamano ya platini ushauri huo ni mbaya kabisa. Salfa ya DMSO hujishika kwenye platini, huisukuma kloridi nje, na unachotia kwenye seli si sisplatini tena. Makali yake hushuka. Karboplatini na oksaliplatini nazo huguswa. Mwaka 2014 ilichapishwa makala iliyoonyesha wazi kwamba watafiti wengi walikuwa wakiendelea kuyeyusha sisplatini kwenye DMSO, na kwa hiyo namba zao za kulinganishia zilikuwa na kasoro. Ukilinganisha changamano lako na sisplatini iliyouawa na DMSO, changamano lako litaonekana shujaa bure. Rutheni nayo huvutiwa na salfa hiyohiyo, kwa hiyo tuiepuke kwa zote mbili.

Tumia maji ya chumvi ya 0.9%, yaleyale ya hospitali. Yana milimola 154 za kloridi, zinazotosha kuzizuia kloridi za RAPTA-C na za sisplatini zisiachie kabla ya wakati.

Kwa RAPTA-C: miligramu 9.27 kwenye mililita 1 inatoa milimola 20. Kwa sisplatini: miligramu 6.0 kwenye mililita 10 inatoa milimola 2. Sisplatini inayeyuka kwa uvivu. Ipashe joto kidogo, itikise, iwe mbali na mwanga, na usiiweke kwenye friji kwa kuwa itajitenga chini. Usitumie sindano yenye sehemu za alumini, maana alumini huigusa platini na kuiangusha kama masizi meusi. Chuja kwa kichujio cha maikromita 0.22, lakini hakikisha kwanza unga wote umeyeyuka. Ukichuja chembe, umepunguza dozi bila kujua. Miyeyusho yote itengenezwe siku ileile ya kutumika.

Kabla ya kuendelea, fanya jaribio la uthabiti. Yeyusha RAPTA-C kwenye maji mazito yenye chumvi na yasiyo na chumvi, upige NMR ya fosforasi mara moja, baada ya saa 24 na baada ya saa 72. Bila chumvi utaona mistari mipya ikizaliwa maji yanaposhika nafasi ya kloridi; penye chumvi mstari wa mwanzo utatawala. Sasa unalo jibu la swali letu kwa saa sifuri na kwa saa 72. Weka picha hizo kwenye daftari ukurasa uleule utakaobandika IC50.

Hatua ya tano: seli

Kwa kuwa tunazungumzia saratani ya mlango wa kizazi, HeLa inafaa. Seli hizi zilitoka kwenye uvimbe wa Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi aliyetibiwa Baltimore na kufariki mwaka huohuo wa 1951. Zilichukuliwa bila yeye kuombwa ruhusa. Anayezitumia amjue kwa jina. Ongeza ukoo mmoja usio wa saratani, kwa mfano MRC-5, fibroblasti za mapafu, ili uone kama dutu yako inachagua au inaua chochote kilicho hai.

Chukua seli kutoka benki inayotambulika, sio kutoka kwa rafiki wa maabara ya jirani asiyekumbuka pasaji (mara ngapi seli zimehamishiwa chombo kipya). Pima maikoplazma kila mwezi. Vijidudu hivi havionekani kwa darubini ya kawaida, midia haichafuki rangi, na bado vinabadilisha umetaboli wa seli, kitu kilekile MTT inachokipima.

Zikuze kwenye midia ya DMEM yenye seramu 10%, nyuzi 37, kabonidayoksaidi 5%. Umeme ukikatika, usifungue mlango wa inkubeta. Itahifadhi joto kwa muda. Kama kwenu umeme hukatika mara kwa mara, tafuta betri ya inkubeta kabla ya kununua kemikali ya pili. Pleti iliyopoa katikati ya saa 72 itupwe na jaribio lirudiwe, hata kama namba zake zinapendeza.

Hatua ya sita: pleti

Ng'oa seli kwa tripsini, zizimue nusu kwa nusu na tripani bluu, uhesabu kwenye hemositometa. Tuseme pembe nne zimetoa 48, 52, 45 na 55. Wastani ni 50. Zidisha kwa 2 kwa ajili ya kuzimua na kwa 10,000: una seli milioni 1 kwa mililita. Unataka 4,000 kila kisima katika mikrolita 100, yaani 40,000 kwa mililita. Kwa mililita 8 unahitaji seli 320,000: mililita 0.32 ya seli na 7.68 za midia. Hiyo 4,000 ijaribu kwanza pamoja na 2,000 na 8,000, uchague idadi ambayo baada ya siku nne kisima hakijajaa pomoni.

Visima vya pembezoni hukauka upesi kuliko vya kati. Vijaze PBS (maji ya chumvi yenye bafa) tupu, utumie vile 60 vya ndani tu, safu B hadi G na nguzo 2 hadi 11:

- nguzo ya 2: midia bila seli;
- nguzo ya 3: seli bila chochote;
- nguzo ya 4: seli na maji ya chumvi kwa kiwango kilekile cha dozi;
- nguzo ya 5 hadi ya 10: dozi sita, RAPTA-C kwenye safu B, C na D, sisplatini kwenye E, F na G;
- nguzo ya 11: dozi ya juu kabisa, bila seli.

Seli zisihusike na nguzo ya 2 na ya 11. Zile nyingine ziache zishike kwa saa 24.

Siku ya pili andaa dozi mara mbili ya unayoitaka, kwa sababu utaongeza mikrolita 100 juu ya 100. Myeyusho mama zote mbili zizimuliwe 1 kwa 20 kwenye midia: RAPTA-C inakuwa maikromola 1,000, sisplatini 100, ndani ya kisima zitakuwa 500 na 50. Shuka kwa nusu-nusu kwa RAPTA-C: 500, 250, 125, 62.5, 31.3, 15.6. Kwa sisplatini shuka kwa theluthi: 50, 16.7, 5.6, 1.9, 0.62, 0.21. Uzimue kwa midia iliyotiwa maji ya chumvi 5%, sio midia tupu, ili kila kisima kiwe na chumvi sawa. Rudisha pleti kwenye inkubeta kwa saa 72.

Siku nyingine, kwenye pleti ya pembeni, pima PTA peke yake na daima peke yake. Kama daima inaua kuliko zao, hiyo ni taarifa.

Hatua ya saba: MTT na hesabu

Kabla ya kuongeza chochote, ziangalie seli kwa darubini. Seli hai za HeLa zimetandaa na zina pembe. Zinazokufa huviringika na kuelea. Andika ulichokiona. Ukiona vijifuwele kwenye dozi kubwa, dutu imejitenga na dozi hiyo haina maana.

Tia mikrolita 20 za MTT yenye miligramu 5 kwa mililita, subiri saa 3. Seli hai huigeuza kutoka manjano kuwa fuwele za zambarau. Nyonya midia taratibu bila kugusa sakafu ya kisima, kisha tia mikrolita 100 za DMSO. Hapa inaruhusiwa, kazi ya dawa imekwisha na tunayeyusha rangi tu. Tikisa dakika 10, soma kwenye nanomita 570.

Nguzo ya 11 ndiyo ya kuangalia kwanza. Visima hivyo havina seli. Vikiwa zambarau, dutu yako inageuza MTT yenyewe, na visima vyote vya dozi vinaonyesha uhai usiokuwepo. Fosfini iliyobaki huweza kufanya hivyo. Ikitokea, hamia kwenye kipimo kisichotegemea kupunguzwa kwa oksidi, kama sulforhodamini B inayopaka protini.

Hesabu ni rahisi. Kama midia tupu inasoma 0.08, seli zenye chumvi 1.08 na kisima cha dozi 0.58, uhai ni (0.58 − 0.08) ÷ (1.08 − 0.08), yaani 50%. Chora asilimia dhidi ya logi ya dozi, uingize mkunjo wa vigezo vinne, usome IC50. Visima vitatu vya pleti moja ni jaribio moja. Unahitaji majaribio matatu, kila moja kwa seli za pasaji tofauti na myeyusho mpya, kabla ya kuandika wastani na mkengeuko.

Sisplatini kwa HeLa kwa saa 72 kwa kawaida hutoa maikromola chache. Ikitoa 60, usiendelee kuisoma RAPTA-C; rudi kwenye kiyeyushi, halafu kwenye seli.

Namba ya RAPTA-C na maana yake

Utakachokipata kwa RAPTA-C kitakuvunja moyo kama hukujiandaa. Kwenye tafiti zilizochapishwa IC50 yake huwa mamia ya maikromola, na kwenye seli nyingine mkunjo haufiki nusu kabisa. Kama mkunjo haukufika nusu, andika ">500". Usiulazimishe mstari hadi utoe namba.

Kwa kigezo cha IC50 peke yake dutu hii ingetupwa siku ya kwanza. Lakini kwenye panya wenye saratani ya matiti ilipunguza vivimbe vilivyosambaa mapafuni, ilhali uvimbe wa awali haukuguswa sana. Baadaye ilionekana pia kuzuia mishipa mipya ya damu inayoulisha uvimbe. MTT haiwezi kuyaona mambo hayo. Inahesabu seli zinazopumua sakafuni mwa plastiki, basi. Kwa metali zinazofanya kazi kama platini ni kipimo kizuri. Kwa nyingine ni mlango mmoja wa nyumba yenye milango mingi.

Kwa hiyo baada ya MTT, chagua kipimo kinachofuata kulingana na swali. Unataka kujua kama metali imeingia? Vuna seli, zimeng'enye kwa asidi ya nitriki, upime rutheni kwa ICP-MS (mashine inayopima metali hata kidogo sana) na ugawanye kwa miligramu za protini. Unataka kujua seli zinakufaje? Tumia rangi za aneksini V na propidiamu kwenye saitometa, mashine inayosoma seli moja moja. Kama unashuku kuzuia kusambaa, kwaruza tandiko la seli kwa ncha ya pipeti na upige picha kila baada ya saa 6 uone seli zinavyoufunga mkwaruzo, kwa dozi isiyoziua, la sivyo utakuwa umepima vifo tena.

Kuhusu mishipa ya damu, kuna kipimo kinachoendana vizuri na maabara zetu: yai la kuku lililorutubishwa. Unakata kidirisha kwenye ganda, unatia dozi juu ya utando wenye mishipa, unafunga kwa utepe na kurudisha kwenye inkubeta, kisha unahesabu matawi ya mishipa. Mayai yanapatikana, inkubeta ya mayai si ghali, na unaona kwa macho yako mishipa ikikonda au ikiendelea kutanda. Uliza kamati yenu ya maadili kikomo cha umri wa kiinitete kabla ya kuanza. Panya wasubiri mpaka uthabiti, uteuzi na kipimo kimoja zaidi ya MTT viwe vimekubaliana.

Unapoandika jedwali la matokeo, weka nguzo hizi mbele ya namba: kiyeyushi, umri wa myeyusho kwa saa, usafi wa dutu na umepimwaje, muda wa dozi, idadi ya seli kwa kisima, ukoo na pasaji. Sisplatini ya siku ileile iwe mstari wa kwanza, MRC-5 ikae pembeni ya HeLa, na uwiano wa IC50 zake mbili uandikwe tu pale ambapo zote mbili zimefika nusu.